Nimelipia lori jipya, miezi minane sasa napigwa kalenda

BARUA

Shikamoo Mzee.

Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Majengo hapa Moshi, biashara yangu ni vitunguu. Navitoa Mang'ola, nashusha Kilombero Arusha na Mbuyuni Moshi, na bei ikikaa vizuri napeleka mpaka Dar. Marehemu mume wangu aliniachia fuso moja, na fuso hilo ndilo limesomesha watoto wetu watatu. Sasa limechoka. Injini imefunguliwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila likipandisha mzigo kutoka bonde la Eyasi kuja Karatu nakaa na simu mkononi, sili, mpaka dereva aniambie, "Mama, nimeshatoka juu."

Mwezi wa nane mwaka jana nikaamua kununua jipya. Nilienda kwa wakala anayeuza malori mapya Arusha, jina lake naliacha. Kijana wa mauzo alikaa na mimi saa nzima, akaniuliza nabeba nini, napita wapi. Akasema lori la kazi yangu halipo yadi ila wataniagizia kiwandani: chasi ndefu ya kubeba bodi ya futi 22, difu (gia za ekseli ya nyuma) ya safari ndefu, na egzosti breki, ile inayotumia injini kupunguza mwendo, kwa ajili ya ule mteremko wa Mto wa Mbu. Bei milioni 168 bila bodi. Nilipe kianzio milioni 50, zinazobaki benki italipa lori likifika. Miezi minne, akasema, "ikizidi sana mitano, mama."

Hizo milioni 50 nilizikusanya hivi: 20 za kudunduliza kwangu, 15 mkopo wa SACCOS, na 15 alinipa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ili tuwe wote kwenye lori. Marejesho ya SACCOS nayalipa tangu mwezi wa tisa, kwa lori ambalo sijawahi kuligusa usukani.

Mwezi wa kwanza nikaambiwa lipo melini. Wa pili, limefika bandarini Dar. Wa tatu kijana yule yule ananiambia bado lipo kiwandani, kuna foleni. Nilishindwa hata kumjibu. Wiki iliyopita akanipigia meneja mwenyewe: kuna lori lipo yadi, kampuni ile ile, injini ile ile, nyeupe vile vile, mteja mwingine ameliacha. Nikilichukua wiki hii atanipunguzia milioni 4. Chasi ni fupi "kidogo tu," fundi wa bodi atarekebisha. Nikikataa nisubiri mpaka mwezi wa tisa, na bei inaweza kupanda kwa ajili ya dola.

Shemeji ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Nimemwambia lipo njiani, na nimeshamwambia hivyo mara nyingi mno. Dereva wangu naye ameanza kuitwa na matajiri wengine. Juu ya hayo kuna mtu wa Himo anataka fuso letu kwa milioni 30, ila anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Nichukue hilo la yadi? Nisubiri? Au nidai fedha zangu? Naomba unishauri kama binti yako, maana usiku silali.

Mama wa Vitunguu, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, na nilichokipigia mstari si ile miezi minane. Lori la kuagiza kiwandani linaweza kuchukua miezi minane bila mtu yeyote kukudanganya. Nilichokipigia mstari ni kwamba mwezi wa pili lori lako lilikuwa bandarini Dar na mwezi wa tatu likawa bado kiwandani. Lori likishashuka melini halirudi kiwandani kukaa foleni. Ama kijana alikuwa anakujibu bila kutazama karatasi yoyote, ilimradi ukate simu, ama lori lilikuja kweli akapewa mwingine mwenye fedha taslimu au anayechukua matano kwa mpigo. Yote mawili hutokea, na dawa yake ni moja.

Dai namba ya chasi.

Lori la kuagiza huanza kama karatasi. Wakala anapeleka oda, kiwanda kinaipangia zamu. Mawakala hupewa mgao wa nafasi, na oda iliyochelewa kuingia kwenye mgao huu husubiri unaofuata. Mpaka hapo hakuna chuma. Chasi inapounganishwa ndipo inapogongwa namba, na kwa malori mengi mapya ya kuuzwa nje ni herufi na tarakimu 17. Namba hiyo itaandikwa kwenye hati ya shehena ya meli, kwenye nyaraka za forodha, na mwisho kwenye kadi ya gari utakayoipata TRA. Kabla ya namba hiyo una ahadi. Ikishapatikana na kuandikwa kwenye karatasi yenye jina lako, una lori, hata kama bado lipo katikati ya bahari.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Miaka niliyokuwa nabeba saruji kutoka Tanga kuja Moshi niliagiza kichwa cha lori kwa wakala mmoja, na kwa miezi sita swali langu lilikuwa lini. Kila nikiuliza nilipewa tarehe, kwa sababu tarehe haimgharimu mtu kitu. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi za kutoa mizigo bandarini, tuliketi kiti kimoja kwenye basi la Dar, ndiye aliyeniambia niache kuuliza lini, niulize lipi. Kesho yake nikaenda nikauliza: ni lipi langu, nipeni namba. Ofisi ilinyamaza. Kichwa changu kilikuwa kimeshauzwa wiki tatu nyuma.

Kwa hiyo usipige tena simu kwa kijana yule. Andika barua, ya karatasi, nakala mbili, uende nayo Arusha mwenyewe, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Taja tarehe uliyolipa, namba ya risiti, sifa za lori kama mlivyoandikiana, na tarehe waliyokuahidi. Kisha waombe ndani ya siku 14 wakupe kwa maandishi namba ya chasi iliyotengwa kwa ajili yako, nakala ya hati ya shehena kama limeshapakiwa, na kama halijaundwa, mwezi ambao kiwanda kimelipangia zamu. Zamu ya kiwandani wakala anaweza kuiulizia na akajibiwa. Akikwambia haiwezekani kujulikana, hilo nalo ni jibu.

Sasa hilo lori la yadi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona neno "kidogo tu" linataka kukuponza.

Chukua rula ya mtoto uiweke juu ya viberiti viwili, kimoja mwanzo wa rula, kingine karibu na mwisho. Bonyeza mkia wa rula: imetulia. Sasa sogeza kiberiti cha nyuma kuelekea katikati ubonyeze tena pale pale mkiani. Mbele inanyanyuka. Ndivyo inavyokuwa ukifunga bodi ya futi 22 juu ya chasi fupi. Bodi inaning'inia nyuma ya ekseli, na magunia ya mwisho, yale yanayopakiwa dereva akiwa ameshachoka kubishana na wapakiaji, yanakaa mahali pabaya kuliko pote. Ukipandisha kutoka Eyasi, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Dereva wako atakuambia gari "linaelea." Na kule Makuyuni kwenye mizani hawapimi jumla peke yake, wanapima ekseli moja moja. Kwa sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, lori la ekseli mbili linaruhusiwa tani 18 kwa ujumla: 8 mbele na 10 nyuma kwenye tairi pacha. Unaweza kuwa chini ya 18 na bado ukakamatwa kwa sababu ya nyuma. Ukiongeza lumbesa, ambayo hata bila mizani ni marufuku, utakuwa unafanya kazi ya kulipa faini.

Ile "fundi atarekebisha" ina maana moja kati ya mbili. Ama atakata bodi iwe fupi, ubebe pungufu kila safari kwa miaka yote ya lori hilo, na milioni 4 za punguzo zitakuwa zimeisha msimu wa kwanza tu. Ama atakata chasi, aongeze kipande, achomelee na kurefusha propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Wapo mafundi wanaojua kazi hiyo, lakini lori jipya lililokatwa chasi bila idhini ya aliyeliunda limejiweka nje ya waranti siku ile ile. Usikubali hili la pili hata kwa punguzo la milioni 20.

Kuna difu pia. Chasi fupi mara nyingi huagizwa kwa ajili ya tipa, na tipa hupewa difu ya nguvu, ya kuvuta kifusi taratibu. Kwenye barabara ya Dar, ukiwa na spidi ya 80 ambayo ndiyo ukomo wa malori, injini ya difu ile inapiga kelele njia nzima kutoka Same mpaka Chalinze, na dizeli inakwenda. Muulize meneja uwiano wa difu, ile namba yenye nukta. Ikiwa kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye oda yako, hilo si lori uliloagiza, hata kama injini ni moja na rangi ni moja.

Ila sikukatazi kwenda kuliangalia. Nenda na dereva wako na tepu ya kupimia. Pimeni kutoka katikati ya hab (kitovu) ya tairi la mbele mpaka katikati ya hab ya tairi la nyuma, ulinganishe na karatasi ya oda yako. Tofauti ikiwa ya sentimita chache na fundi wa bodi wa kuaminika, si wa kwao, akasema futi 22 zinakaa, tuzungumze upya. Soma pia tairi zake ubavuni: zina tarakimu nne ndani ya duara refu, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Tairi zikionyesha kuwa lori limekaa juani zaidi ya mwaka, linahitaji betri mpya, oili mpya na jibu la kwa nini yule mteja aliliacha. Na uulize kama lina egzosti breki. Wewe unateremka Mto wa Mbu na tani za vitunguu mgongoni, na chini ya mteremko ule kuna mji. Hilo haliuzwi kwa punguzo.

Kama unavyoona, mimi naona usilichukue. Wapeleke kwenye barua, wape hizo siku 14. Namba ikija, na ni ya lori lenye sifa zako, subiri, hata ikibidi miezi mitatu. Namba isipokuja, dai fedha.

Kuhusu kudai, kuwa mwangalifu sana na maneno. Usije ukamwandikia kijana kwenye WhatsApp usiku wa hasira kwamba "nimeghairi, nirudishieni hela yangu." Kwenye karatasi nyingi za mauzo kuna kipengele kwamba kianzio hakirudishwi mteja akighairi, na ujumbe huo utakuwa umewaandikia ushahidi wao. Wewe hujaghairi. Wao wameshindwa kuleta walichoahidi kwa muda walioahidi, na barua yako iseme hivyo hivyo. Tafuta pia kile ulichosaini. Kama una profoma peke yake, hiyo ni makadirio ya bei, haina nguvu ya mkataba uliosainiwa na pande mbili. Lakini ikiambatana na risiti ya EFD ya milioni 50 na mazungumzo yenu ya kwenye simu, huko mikono mitupu. Usifute ujumbe hata mmoja.

Na kuna jambo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Ukipokea kwa hiari kitu kilichocheleweshwa bila kusema kuwa utadai hasara ya ucheleweshaji, unaweza kupoteza haki ya kudai baadaye. Kwa hiyo hata lori likija kesho, siku ya kulipokea andika kwenye fomu ya makabidhiano kwamba unalipokea huku ukibakiza madai yako ya kuchelewa: riba ya SACCOS, matengenezo ya fuso uliyoyalipa kwa sababu jipya halikuja. Mstari mmoja unatosha. Wakibisha, mpe wakili mwenye ofisi Moshi hapo saa moja ya kazi yake, aandike barua ya pili. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa pia na Tume ya Ushindani, ile tunayoijua kama FCC.

Dola isikutishe. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, na wewe uliagiza baada ya hapo. Bei yako ni milioni 168 za shilingi. Kama mkataba hauna kipengele cha kupandisha bei, meneja hana mahali pa kuitoa hiyo "inaweza kupanda."

Benki na SACCOS nitazipita haraka. Barua ya benki ya kukubali mkopo huwa na tarehe ya mwisho. Angalia kama haijapita, uombe iongezwe sasa, si siku lori likiwa getini. SACCOS nenda na nakala ya barua yenye mhuri, uombe marejesho yapangwe upya. Mwanachama anayekuja na karatasi kabla hajakwama husikilizwa tofauti na anayefuatwa nyumbani. Na fundi wa bodi mwekee miadi leo, maana ile miezi minne ya kijana haikuhesabu bodi wala usajili, na kazi ya bodi peke yake inakula wiki kadhaa.

Shemeji. Hapa, mwanangu, naomba unisikilize kuliko kwenye difu. Aliweka milioni 15 kwenye lori la kaka yake aliyefariki. Mtu wa namna hiyo hapigi simu Jumapili kwa sababu ya fedha tu. Kila ukimwambia "lipo njiani" na wewe mwenyewe hujui lilipo, unabeba uongo wa kijana wa mauzo kwa mdomo wako, na siku ukifichuka utaonekana ni wako. Usimweleze kwa simu. Mwite nyumbani, mpe chai, mwekee mezani risiti, profoma, ujumbe wote wa kwenye simu, umwonyeshe mwezi wa pili na mwezi wa tatu. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize. Halafu mwambie unataka muende wote Arusha na barua hiyo. Meneja aliyekuwa anasema na mjane peke yake kwa simu, atasema na watu wawili wenye karatasi, na utaona mwenyewe kiti kinaletwa haraka kiasi gani.

Dereva naye mweleze ukweli huo huo, na mshirikishe kwenye kupima lile la yadi. Mtu aliyepima lori kwa mkono wake huanza kulisubiri.

Mtu wa Himo mjibu kabla mwezi haujaisha, kama alivyoomba: jibu ni hapana, kwa sasa. Najua milioni 30 ni nyingi, na najua fuso hilo linakunyima usingizi. Lakini leo ndiyo gari pekee ulilonalo lenye namba ya chasi. Lipeleke kwa fundi, libadilishiwe kinachohitajika kwa usalama, lipunguziwe magunia kila safari, liende taratibu. Liuze siku lori jipya likiwa na kadi, bima, leseni ya LATRA na bodi yake, na limeshakwenda Mang'ola mara moja likarudi na mzigo.